Kikaango cha chuma cha inchi 10 na robo, baada ya miaka sita jikoni

Nianze na swali ambalo kila dada akinitembelea huniuliza kabla hata hajakaa: chapati zinatoka? Zinatoka. Zinatoka na madoa ya kahawia yale yale ya chuma cha chapati cha nyumbani, na hazikauki zikawa papi. Kama ulikuja hapa kwa hilo tu, nenda kanunue, usinisubiri. Mimi nina maneno mengi kidogo.

Sitataja chapa. Nitakisifu na nitakisema, na sipendi kusema mtu kwa jina wakati nusu ya makosa ni ya mkono wangu mwenyewe. Ni kile kikaango kizito cha chuma cha kusubu, kipande kimoja mpaka mpini, ambacho ukiingia duka la vifaa hapa kaskazini mwa California unakikuta rafu ya chini kabisa kwa sababu ya juu haikiwezi. Marehemu mama angekiita frampeni. Nilikinunua Machi 2019, dola 25 na senti zake. Mdomo wake ni inchi 10 na robo, uzito kilo mbili na kitu, na mgongoni kina namba 8. Hiyo namba 8 ndiyo iliyonifanya nikichukue. Nitafika huko.

Kinakuja kimeshapakwa mafuta na kuchomwa kiwandani, kwa hiyo utakiona cheusi ukadhani kazi imeisha. Weusi ule ni mbolea ya kupandia tu. Yai langu la kwanza liling'ang'ania mpaka nikalikwangua kwa kijiko cha mbao kama ukoko wa wali. Na ukipitisha kidole ndani utasikia vipele, mithili ya ganda la chungwa la Muheza. Watu wengi hukirudisha dukani hapo. Msikirudishe. Kioshe kwa maji ya moto, kikaushe juu ya jiko mpaka kipate joto, kipake mafuta ya alizeti kila mahali, ndani, nje, mpaka mpinini. Kisha chukua kitambaa kikavu uyafute mafuta yote kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kifudikize ndani ya oveni, nyuzi 230 za Selsiasi, saa nzima, na kipoe humo humo. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yakipata joto la namna hiyo hayabaki mafuta, yanashikana na chuma yakawa ngozi. Ukiyaacha mengi, badala ya ngozi unapata gundi, na kikaango kinanata kama meza ya hoteli ya stendi.

Hilo la kuyafuta "kana kwamba ulikosea" si langu. Ni la Bibi.

Bibi si mzazi wa mzazi wangu. Alikuwa mzungu wa hapa hapa California, mjane, mwenye nyumba ya mbao chini ya misonobari katika mji wa Paradise, nusu saa kwa gari kupanda barabara ya Skyway kutoka Chico ninapokaa. Jina lake naliweka. Ana watoto, na wao hawakuomba mama yao asomwe na watu. Mimi nilimwita Bibi tangu wiki ya pili, na nilipomweleza maana yake akataka kujua bibi huamkiwaje huko kwetu. Nikamfundisha shikamoo na marahaba. Kuanzia hapo hakuna siku niliyoingia kwake bila kumwamkia na yeye akaitikia "maharaba", hivyo hivyo, herufi zimepishana. Nilimsahihisha mara moja, sikurudia, maana nilishaipenda.

Tulijuana kazini. Nilifika Chico 2013, nikapata kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Mumewe alikuwa chumba cha mwisho wa korido, kumbukumbu zimemtoka zote. Bibi alikuja kila siku saa kumi jioni, akamlisha, akamsomea gazeti ambalo yeye mzee hakulielewa tena, na aliondoka mimi nikiingia. Siku moja alinikuta kwenye chumba cha wafanyakazi nakula wali wa baridi na maharage ya kopo. Hakusema kitu. Kesho yake alikuja na kikaango kizima, cheusi tii, kimefunikwa taulo, ndani mna mkate wa unga wa mahindi bado moto. Aliendesha kutoka mlimani na kikaango cha moto kwenye kiti cha abiria, kimefungwa mkanda.

Mumewe alifariki. Tulidhani ndio mwisho wa kumwona. Ijumaa iliyofuata, saa kumi jioni, huyo anaingia na kikaango. Alikuja Ijumaa zote, miaka yote, kwa ajili ya watu wa zamu ya usiku ambao hawana mtu wa kuwapikia.

Kikaango chake kilikuwa Griswold, namba 8. Mgongoni kina msalaba ndani ya duara mbili na maandishi ya Erie, mji wa Pennsylvania kilikotengenezwa. Kiwanda kile kilifungwa 1957, kwa hiyo kila kikaango cha Griswold mnachokiona leo ni urithi au ni cha mnadani. Hiki kilikuwa cha mama yake. Ndani kimelainishwa kiwandani mpaka kinateleza kama kigae, wala hakina vile vipele vya siku hizi, na ni chepesi zaidi. Yai lilikuwa linatembea lenyewe. Nasema haya kwa sababu tathmini ya kikaango changu bila kukitaja kile ingekuwa uongo, kila ninachosema hapa napima kwa kile.

Alinifundisha gari kwa pikapu yake ya zamani yenye gia za mkono, akishika dashibodi kila kona na kunitukana kwa upole. Nilipopata leseni alinipeleka kula pai ya tofaa. Lakini ikiwa ni lazima nichague jambo moja, nitachagua 2016. Mama yangu alifariki Tanga mwezi wa tano. Karatasi zangu zilikuwa bado mikononi mwa uhamiaji, ningetoka, nisingerudi. Nilizika kwa simu, kama wengi wenu mlivyozika. Nilimwambia Bibi kwamba nyumbani watu watakalia matanga siku tatu. Akauliza hufanyika nini. Nikamwambia hakuna, watu wanakaa chini tu, wanakuwa na wewe. Kesho yake saa mbili asubuhi alibisha mlango, na godoro la kujazwa upepo chini ya kwapa. Alikaa sakafuni siku tatu. Alikuwa na miaka 78 na goti bovu. Kuinuka ilikuwa mpaka nimshike mikono yote miwili tuhesabu tatu. Alijitanda kanga yangu kichwani bila kuambiwa, akawapikia Wakenya wawili na dada mmoja wa Bukavu waliokuja kunipa pole. Hakunipa nasaha hata moja. Ile kanga nikampa. Imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Aliuliza maana, nikamtafsiria, akacheka sana, akasema hapa mgeni ni nani na mwenyeji ni nani.

Turudi kwenye chuma, kwa maana nikiendelea hivi nitashindwa.

Kuna jambo moja ambalo kikaango cha namna hii hakifanyi peke yake: mkate wa kumimina. Mnajua unavyotaka moto chini na moto juu. Nyumbani tunatia makaa juu ya kifuniko. Hapa nina oveni, lakini oveni hukausha uso kabla moyo haujaiva, tui linakatika, unapata kitu kama sponji ya kuoshea vyombo. Dawa ni kifuniko cha chuma kizito, ukipashe mpaka kiwe moto sana, ukifunike, kisha ndio uingize ovenini. Bibi alikuwa na kifuniko cha namba 8, chuma kitupu, ndani kina vinundu vya kudondoshea mvuke. Jumapili ya tarehe 4 Novemba 2018 nilikiazima. Wakati ule nilikuwa natumia sufuria la kukaangia la kichina lenye mdomo unaokaribiana. Akasema sawa, ila Alhamisi unirudishie, nina kuku wa kupika. Alhamisi nilikuwa sina zamu ya usiku. Tukakubaliana ningepanda saa nne asubuhi na kifuniko chake na kipande cha mkate.

Alhamisi ile ilikuwa tarehe 8.

Wengi mlioko Marekani mnakumbuka, hata kama mlikuwa mbali. Moshi wake ulifika hadi San Francisco watu wakavaa barakoa kabla hatujajua barakoa ni nini. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu masika. Kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi moto ulianza korongoni, karibu na njia iitwayo Camp Creek, ndiyo maana wakauita Camp Fire. Upepo ulikuwa wa kaskazini mashariki, ule unaoshuka korongoni kama umetumwa. Ulirusha makaa mbele ya moto wenyewe, yakaangukia mapaa na misonobari, na ilipofika saa mbili mji ulikuwa unawaka sehemu nyingi kwa mpigo. Jua lilikuwa limechomoza lakini mjini kukawa giza, watu wakawasha taa za magari. Wengi hawakupata onyo lolote kwenye simu. Skyway yote waliigeuza kuwa ya kushuka tu, na bado magari yalisimama huku matairi yanayeyuka.

Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya Jumatano usiku. Nililala saa moja na nusu, simu nimeinyamazisha, kama anavyofanya kila mtu wa zamu ya usiku. Simu yake iliingia saa mbili na dakika kumi na mbili. Nikaiona saa tano.

Aliacha ujumbe wa sauti, sekunde ishirini na tatu. Nauandika kwa Kiswahili ingawa alisema kwa Kiingereza: "Usije leo, mwanangu. Kifuniko kikae huko huko. Kuna moshi mwingi na barabara zimejaa. Nimeshapata usafiri, usihangaike." Kisha sekunde kama tatu hivi za kelele za upepo, halafu "shikamoo", ambayo si yake kuisema, ni yangu, na simu ikakatika.

Usafiri ule sijui kama ulikuwepo. Jirani aliyekuwa na gari hakumwona. Pikapu yake ilikutwa mahali ilipoegeshwa. Nimesikiliza sekunde zile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na kila nikisikiliza nafikia uamuzi tofauti. Bibi hakuwa muongo. Lakini pia alinijua. Alijua ningeamka, ningepanda Skyway na kifuniko mkononi.

Walikufa watu 85. Majengo zaidi ya elfu 18 yaliteketea. Kuna wakati orodha ya wasiojulikana walipo ilipita watu elfu moja, kila siku tunaenda kuisoma, majina yanaingia na kutoka, lake halitoki. Walikuwa wanatambua miili kwa vinasaba, wanapitisha kijiti cha pamba shavuni mwa ndugu. Nilikwenda na mimi. Dada wa pale akanipa fomu, ina mahali pa kujaza uhusiano. Nikaandika mjukuu. Nikakata. Nikaandika rafiki. Akasoma, akaniambia taratibu kwamba rafiki hawezi kusaidia kwa pamba. Mwanawe wa kiume alikuja kutoka jimbo lingine, akatoa yeye. Bibi alipatikana nyumbani mwake, upande wa jikoni.

Desemba waliporuhusu watu kurudi mjini kwa zamu, yule kijana wake, kijana wa miaka hamsini na kitu, akanipigia twende wote. Tulivaa magwanda meupe, buti, glavu na barakoa, kwa kuwa jivu lile lina sumu za kila kitu kilichoungua humo. Niliona vitu ambavyo sitavisimulia kwenye ukurasa wa vikaango. Nitasimulia kimoja. Mbele ya nyumba, pikapu ilikuwa imekaa juu ya ringi zake, na ringi zenyewe za alumini zilikuwa zimeyeyuka, zikatiririka barabarani kama uji, zikagandia pale vijito vyeupe vinavyong'aa. Alumini huyeyuka nyuzi 660. Chuma cha kusubu kinataka zaidi ya 1,100. Nilisimama napiga hesabu hiyo kichwani kama mwendawazimu, kwa sababu nilikuwa nimeshajua ninatafuta nini.

Tulichekecha jivu la jikoni kwa chekeche kama tunachekecha unga. Kikaango kilikuwepo, kimelala kifudifudi chini ya bati la paa. Msalaba unasomeka, Erie inasomeka. Kijana wake akasema kichukue wewe, mimi sipiki.

Sasa, kwa wale mnaosoma kwa sababu mmeokota kikaango kwenye moto, wa nyumba au wa nyika, sikilizeni. Chuma kilichopita moto wa namna ile hakiwi kile kile. Kinatoka na rangi nyekundu ya kufifia, si kutu, kutu huondoka kwa siki na stili waya; hii haiondoki, iko ndani. Nilikisugua siku mbili. Nilikipaka mafuta, nikayafuta kana kwamba nilikosea, nikakichoma ovenini mara sita. Ngozi haikushika, ilibanduka kama gamba la kitunguu. Kitako kilikuwa kimepinda, ukikiweka juu ya jiko la kioo kinacheza kama bembea. Mara ya saba nilisikia "ting". Mstari mwembamba kutoka ukingoni mpaka katikati. Msikitumie kikaango cha hivyo kwa mafuta ya moto, kitafunguka mkiwa mmesimama hapo hapo.

Ndipo Machi nikaenda dukani na kifuniko ndani ya begi. Nilikaa chini sakafuni, kwenye ile rafu, nikakijaribu juu ya kila kikaango. Muuza duka akaja kuuliza kama nahitaji msaada, akaniangalia, akaondoka. Cha namba 8 kikapokea.

Miaka sita sasa. Mabaya yake kwanza. Ni kizito, mno kwa mtu mwenye mkono mmoja huru. Mpini ni mfupi na unakuwa moto kama sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo kishikio cha kitambaa hakiachwi. Nina kovu la mwezi mchanga kwenye kiganja cha kulia, la wiki ya kwanza. Mchuzi wa ukwaju usiupike humu, wala nyanya za kuchemka muda mrefu: uchachu unakula ile ngozi, na chakula kinapata ladha ya msumari. Samaki wa kupaka nilijaribu mara moja kwa ukaidi. Jiko la kioo linakubali, ila usikiburute, kinyanyue. Na kipashe polepole, moto mdogo dakika saba nane, kwa sababu chuma hiki joto lake haliendi haraka pembeni, katikati kunaungua huku ukingoni bado baridi. Kwa chapati hilo ni muhimu. Mtu asiye na subira atasema kikaango kibaya. Kama viganja vinakuuma, kuna cha inchi 8, chukua hicho, utakaanga mayai na utaishi kwa amani.

Mazuri: maandazi hayapotezi joto la mafuta ukitia mengi, ngozi ya kuku inakuwa kama bisi, mkate wa mahindi unabanduka wenyewe. Na vile vipele vya ndani vimeanza kupotea, kwa kuwa ngozi ya mafuta imejaza mabonde. Kinaanza kuteleza. Sabuni kidogo hakiogopi, hizo ni hadithi za wakati sabuni ilikuwa ya magadi. Kinachokiua ni kulowekwa usiku kucha.

Kuna kitu kingine na sijui kama ni cha tathmini. Uchunguzi wa moto ule ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa ndoano ya chuma kwenye mnara wa umeme, korongoni. Laini yenyewe ilijengwa karibu miaka mia moja kabla ya moto, na ndoano ilikuwa imening'inia juu ya chuma mwenzake, ikisagika kwa upepo mwaka baada ya mwaka, mpaka ikakatika na waya ukaanguka. Kampuni ya umeme ilikiri mahakamani mwezi wa sita 2020, makosa 84 ya kuua bila kukusudia, na mkuu wake akasimama pale huku jina moja moja linasomwa na picha inaonyeshwa. Mimi nilikuwa namwangalia kwenye simu, jikoni, nimeshika kitambaa cha mafuta. Nilikuwa nafikiria rika. Ile ndoano na kile kikaango cha mama yake Bibi vilikuwa takriban rika moja. Kimoja kilifutwa na kupakwa kila siku ya Mungu, na vizazi viwili vya wanawake, kwa sababu ya mkate tu. Kingine hakuna aliyepanda kukitazama. Sina zaidi ya hapo, na hasira yangu sitaki iharibu ukurasa huu, lakini mnielewe kwa nini huwa siwezi kulala na kikaango kikiwa na unyevu.

Julai 2024 moto ukatujia Chico wenyewe. Ulianzia bustani ya Bidwell, tarehe 24 mchana, mtu mmoja akashtakiwa kwa kusukuma gari linalowaka bondeni. Ukaenda kaskazini, ukala zaidi ya ekari laki nne. Mtaa wetu haukuambiwa uhame, ila jivu lilikuwa linadondoka juu ya magari, na mimi sikungoja kuambiwa. Nilipakia buti la gari kwa dakika kumi na moja. Pasi, vyeti, dawa, kanga za mama, simu ya zamani yenye ule ujumbe na chaja yake, kikaango chenye ufa, na kifuniko. Kipya nilikiacha juu ya jiko. Nilikuwa nimeshafika Orland ndipo nikakumbuka, nikasema potelea mbali, ni dola 25.

Niliporudi baada ya siku nne kilikuwa pale pale, na chapati moja ndani, ngumu kama kigae, niliyokuwa nimeisahau kwenye haraka. Nikaitupa. Hakikuwa hata na tone la kutu. Nilikiomba radhi kwa sauti, jambo ambalo sikutarajia kulifanya kwa chombo.

Nakipa nyota nne. Moja nimeitoa kwa sababu ya mpini, kweli kabisa, ni mfupi.

Wale walioniuliza kuhusu kifuniko: hapana, dukani hakipo cha namna hiyo, tafuteni minadani, angalieni namba 8 na mkipige kwa ukucha msikie kama kinalia vizuri, kikitoa sauti butu kina ufa. Changu kinakaa juu ya kikaango kipya, ila si kwa kutulia kabisa. Upande wa kulia, penye mdomo wa kumiminia mafuta, kuna uwazi wa unene wa senti mbili zilizobebana, na mkate ukianza kuchemka pale pembeni kinapiga kelele kidogo, tik tik tik, mpaka uive.